Kasha la bastola la babu: shaba isuguliwe au iachwe?

"Shikamoo mzee. Nakaa Tudor, Mombasa. Babu yetu alipofariki tulirithi kasha la mbao la bastola. Ni tupu, bastola yenyewe hatujaiona maishani. Alipewa na Mzungu aliyemwajiri, siku alipofunga nyumba kurudi kwao Uingereza. Mbao ni nyekundu iliyoiva, ndani mna kitambaa cha kijani na vyumba vidogo vidogo, na kikopo kimoja kilichofungwa. Juu ya kifuniko pana bamba la shaba la mviringo lililolala sawa na mbao, lina mkono mdogo wa kukunja. Kuna bawaba mbili, kitasa kisicho na ufunguo, na mbele palikuwa na kulabu mbili, sasa imebaki moja. Shaba yote imekuwa nyeusi, na kwenye bawaba mna unga wa kijani. Skrubu mbili zinacheza. Fundi mmoja ameniambia ning'oe vyote nimpelekee, avisugue kwa mashine, avipige vanishi na anitilie skrubu mpya. Mama naye asema shida yote ya nini, ukwaju na chumvi vyatosha. Mimi nataka kasha lirudi lilivyokuwa siku ya kwanza. Nimsikize nani?"

Marahaba, mwanangu. Kwa heshima zote za mama na za huyo fundi, wiki hii usimsikize yeyote kati yao. Liweke kasha mahali pasipopigwa na jua wala upepo wa bahari, na hicho kikopo usikifungue. Nitakirudia.

Naona hofu yako ni kwamba shaba inaoza, na usipofanya haraka itakwisha. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Weusi hauli kitu. Ni ngozi ambayo shaba imejivika yenyewe kwa miaka mia na zaidi, na inaikinga. Unaokula ni ule unga wa kijani. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakausugua weusi usio na kosa hadi mkono ukauma, na unga wakauacha uendelee na kazi yake chini ya bawaba.

Ama hilo la kurudi siku ya kwanza, nitakuambia wazi: haliwezekani, na lingewezekana nisingekushauri. Utakachopata kwa mashine ya kusugua ni shaba mpya juu ya mbao kuukuu. Mtu anayejua makasha haya akiona shaba inametameta kama sinia la pilau juu ya mahogani iliyozeeka, swali lake la kwanza huwa ni kitu gani kingine kimebadilishwa. Kwa bei, kasha lililosuguliwa vibaya huuzwa chini ya lile lililoachwa na weusi wake.

Na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoteleza. Tumelelewa na makasha ya misumari ya shaba, yale ya bibi harusi, na kwetu ilikuwa kila Idi ikikaribia watoto tunapewa majivu, ndimu na kitambaa, tusugue mpaka tujione nyuso. Kasha lile hiyo ndiyo desturi yake, na kung'aa ni sehemu ya uzuri wake. Kasha la bastola ni chombo cha desturi nyingine. Shaba yake ilikuwa ya kazi zaidi kuliko ya pambo, na aliyelitengeneza aliipachika shimoni mwa mbao, sawasawa kabisa, ili lisikwame wala kukwaruza mizigo mingine safarini. Hili usilifanyie adabu za kasha la bi arusi.

Kwa maelezo yako linafanana na makasha ya Kiingereza ya katikati ya karne ya 19. Zama hizo rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, iliuzwa ikiwa imelala sandukuni pamoja na ndugu zake: kalibu ya kusubia risasi, chupa ya baruti, kikopo cha mafuta, kijiti cha kusafishia mtutu. Robert Adams wa London alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya rivolva yake mwaka 1851. Colt wa Marekani akafungua kiwanda jijini humo 1853, akakifunga 1856. Waingereza walipenda kugawa ndani kwa vibao vilivyonyooka, kila kitu na chumba chake, kama ulivyoeleza. Mtindo wa Kifaransa ni kuchonga shimo lenye umbo la bastola yenyewe, ilale kama mtoto kwenye mbeleko. Mbao zilikuwa mwaloni au mahogani, na mahogani ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Tazama upande wa ndani wa kifuniko: kama pana karatasi yenye jina la muuzaji, hata ikiwa imechanika robo tatu, hiyo ni mali kuliko shaba yote. Isiguswe na maji wala mafuta.

Sasa skrubu, kwa sababu fundi wako amezitaja kama takataka, nami nimekaa nazo miaka mingi kiasi cha kuona ndizo zenye kusema kweli. Bawaba yaweza kuigwa. Skrubu ya zamani ni vigumu kuiiga, na karibu hakuna anayejisumbua. Kabla ya miaka ya 1840 na 1850, skrubu za mbao zilikuwa na ncha butu, hazikuchongoka, hivyo fundi alilazimika kutoboa tundu kwanza. Skrubu zenye ncha kali zilikuja na mashine za Kimarekani, na kiwanda cha Nettlefold na Chamberlain cha Birmingham kikaanza kuzitumia mwaka 1854. Zile zenye alama ya msalaba kichwani zilianza miaka ya 1930. Kwa hiyo ukichomoa skrubu moja tu ya bawaba ukaitazama ncha na kichwa chake, inaweza kukuambia kama bawaba ile ilikuwepo tangu mwanzo. Mfereji wa kichwa ukiwa mwembamba na umekwenda upande kidogo, usidhani ni kazi mbovu. Mara nyingi ni dalili ya mkono wa zamani. Ukitia skrubu mpya umechana cheti cha kuzaliwa.

Skrubu kucheza si kosa la skrubu. Ni tundu limepanuka, kwa sababu mbao ya Mombasa hunywa unyevu wakati wa masika ikavimba, kaskazi ikaingia ikasinyaa, na hivyo kila mwaka. Dawa yake ni ndogo mno: kijiti chembamba cha mbao ya aina ileile, au mkangazi ukikosa, kipakwe gundi ya moto ya ngozi, kisukumwe tunduni, kikauke siku nzima, kisha skrubu ileile irudi tundu lilelile. Gundi ya ngozi nimeitaja kwa makusudi. Hulainika kwa joto na unyevu, hivyo mjukuu wako akitaka kurekebisha kazi yako ataweza. Zile gundi za kukauka kwa sekunde na zile za kuchanganya mirija miwili hazina msamaha.

Kijiti cha kiberiti? Kitashika, lakini ni mbao laini, utarudia mwakani.

Sasa kwa nini shaba ikatoa unga. Shaba ya manjano, ambayo wazee waliiita shaba nyeupe kuitenga na ile nyekundu, ni mchanganyiko: thuluthi mbili hivi ni shaba nyekundu, iliyobaki ni zinki. Hewa yetu imebeba chumvi ya bahari, na ndani ya chumvi mna kloridi. Kloridi ikitua juu ya shaba pamoja na unyevu, huungana na shaba ikafanya chumvi nyingine iliyojificha chini ya ngozi nyeusi. Hiyo ikipata tena unyevu na hewa hugeuka unga wa kijani kibichi, na katika kugeuka kwake huzaa asidi, na asidi ile hula shaba zaidi na kuiachia kloridi nafasi ya kuanza upya. Ni moto unaojichochea wenyewe. Ndiyo maana ukiupangusa leo, wiki ijayo umerudi palepale.

Si kila kijani ni hicho, lakini. Kuna kijani kingine chenye kunata, kama nta, hukaa pembeni mwa bawaba au chini ya mkono. Hicho hutokana na mafuta ya zamani: mtu alipaka mafuta ya nazi au ya kitani, mafuta yakachacha, yakaila shaba kidogo yakageuka sabuni ya kijani. Hicho hakina ubaya mkubwa. Kikwangue kwa kijiti cha mwanzi na kazi imekwisha. Jaribio ni rahisi: chukua kijiti, gusa. Kikiwa kikavu na kikapukutika kama chokaa, hofia. Kikinata, tulia.

Umeshaona kosa la ukwaju na chumvi liko wapi. Ukwaju ni asidi, na asidi huipenda zinki kuliko shaba. Huichomoa zinki juu juu, ikaacha mabaka mekundu kama waridi ambayo hayaondoki isipokuwa uipunguze shaba yote. Hilo lingevumilika. Chumvi ndiyo balaa, maana ni kloridi, unaimwaga kwa kijiko juu ya ugonjwa wa kloridi. Na maji yake yatashuka mpakani mwa bamba na mbao, mahali ambapo hutayakausha kamwe. Mwambie mama sinia alisafishe hivyo, linasuuzwa. Kasha halisuuzwi.

Dawa za dukani za kung'arishia nazo nina neno nazo. Nyingi zina unga wa kusagia, na ule unga ukikauka hubaki mweupe kwenye kona na kwenye mifereji ya skrubu, mpaka uchokonolewe kwa sindano. Zenye harufu ya kuchoma pua zina amonia, na amonia na shaba ya manjano zina kisa cha zamani. Jeshi la Uingereza kule India liligundua kwamba maganda ya risasi ya shaba, mazima kabisa, yakipita masika ghalani hupasuka nyufa yenyewe bila kupigwa. Wakaita kupasuka kwa majira. Ilipofika 1921 ndipo sababu ikaelezwa vizuri: maganda yale yalikuwa na mkazo ndani kutokana na kufinyangwa yakiwa baridi, na mvuke wa amonia uliokuwa ukipanda kutoka kwenye mkojo wa farasi ndio uliowasha mkazo ule. Kulabu yako iliyobaki, ikiwa ilikunjwa kwa nyundo, ina mkazo wa namna ileile. Yawezekana mwenziwe alikatika hivyo.

Mashine ya kusugua ya fundi wako ina ubaya wa aina nyingine. Huviringisha kingo. Bamba lililokuwa sawa na mbao likisuguliwa hushuka unene wa karatasi au mbili, na ukipitisha ukucha utahisi ngazi. Kama juu yake pana herufi za jina zilizochorwa, hata hafifu, zitatoweka. Na vanishi juu ya shaba, hapa kwetu, haidumu. Ikipata tundu moja dogo la sindano, unyevu hupenya na kutambaa chini yake kama utando wa buibui, na wewe huwezi kuufikia bila kuiondoa vanishi yote.

Basi nifanye nini, utaniuliza. Ningekuwa wewe ningengoja kaskazi, siku kavu. Ningeanza na kupiga picha kila pembe. Kisha brashi laini kavu, ya rangi, ipite kila mahali, na vumbi lianguke nje ya kasha, lisiangukie kitambaa. Bamba la kifuniko nisingeling'oa kabisa. Limekaa shimoni mwake miaka mia na hamsini hivi na ukilipinda nukta moja halitalala tena. Lisafishwe hapohapo lilipo: pamba kidogo iliyolowekwa tapentaini ya wapaka rangi, ikamuliwe hadi iwe karibu kukauka, na mbao ya kandokando ikingwe kwa kipande cha plastiki ngumu. Tapentaini itaondoa uchafu na mafuta, weusi utabaki. Spiriti usiilete karibu. Mng'aro wa mbao za zama zile kwa kawaida ni shelaki, utomvu wa mdudu wa India, na spiriti huiyeyusha shelaki kama sukari kwenye chai. Tone moja linatosha kuacha alama ya mviringo utakayoitazama maisha.

Bawaba ndizo nitakazokuruhusu kuzifungua, kwa kuwa unga uko chini yake na skrubu zinacheza. Muweke mtu akushikie kifuniko, usifanye peke yako. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaa mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Ikiwa haipo, nunua ya bei nafuu uichonge kwa tupa mpaka ikae. Mifereji ya zamani ni myembamba, bisibisi za siku hizi huikwaruza midomo. Safisha mfereji kwa sindano kwanza. Skrubu iliyogoma usiimwagie mafuta ya kulegeza kutu, yatasambaa kwenye mbao yaache doa jeusi. Iguse kichwani kwa chuma cha kulehemu waya wa redio, sekunde sitini hivi, iache ipoe. Ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa, na kutu iliyoikumbatia huachia. Halafu, na hili watu hawaliamini mpaka walione, izungushe kwanza upande wa kukaza, kidogo tu kama unywele, ndipo uirudishe. Ikikataa mara ya tatu iache. Skrubu iliyokatika shingo ni msiba mkubwa kuliko unga.

Kila skrubu itakayotoka ichomeke kwenye kipande cha boksi ulichokichora bawaba, mahali pake hasa. Hazibadilishani. Zilitiwa kwa mkono, kila moja ikajitengenezea tundu lake.

Unga ukwangue kwa kijiti cha mwanzi, usitumie chuma wala msasa. Pangusa kwa tapentaini, acha pakauke, kisha paka nta nyembamba, nyembamba sana, uisugue kwa kitambaa cha pamba. Nta ya fuwele ndogo sana (microcrystalline) wanayotumia majumba ya makumbusho ndiyo bora. Ukikosa, nta ya nyuki safi iliyoyeyushwa kwenye tapentaini itakufaa, ingawa ina asidi kidogo na utahitaji kuibadilisha kila mwaka. Nta ya magari hapana, nyingi zina unga wa kusagia.

Hapo patakuwa pamebaki swali la unyevu, na nakiri halina jibu la kupendeza. Shaba yenye kloridi hupona pale hewa inapokuwa kavu sana, chini ya asilimia 40 hivi. Mbao ikikaushwa kiasi hicho hupasuka na kitambaa hukakamaa. Mombasa yenyewe hewa hukaa asilimia 70 na kupanda. Huwezi kuwapendeza wote wawili. Ningeipendelea mbao: kasha likae kabatini, mbali na ukuta wa nje, mbali na jiko na bafu, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu, vitatu vinne tu, uvikaushe upya kila vikichoka. Shaba itajikimu kwa nta. Unga ukirudi baada ya yote haya, hapo ndipo mkono wa nyumbani umefika mwisho. Chukua picha zako, nenda Fort Jesus, uulize watu wa uhifadhi wa makumbusho. Kazi ya vyuma vya baharini wanaijua tangu walipookoa vitu vya meli ya Kireno ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome ile mwaka 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977. Wana kemikali za kuifunga kloridi ambazo mimi sitakuandikia hapa uzichanganye jikoni.

Kulabu iliyopotea. Una njia tatu. Kuacha pengo, ambayo si aibu, na ndiyo ningeichagua mwaka wa kwanza. Kununua ya dukani, ambayo huenda ikawa shaba ya kupakwa juu ya chuma, jaribu kwa sumaku uone, shaba haivutwi. Au kumpa msubi, fundi wa kuyeyusha na kumimina shaba, kulabu ile iliyobaki aifanyie kalibu ya mchanga. Hiyo ya tatu ndiyo nzuri, ila jihadhari: shaba ikipoa husinyaa kama asilimia moja na nusu, kwa hiyo nakala itatoka ndogo kuliko mama yake na haitakaa sawa kwenye kijiti chake. Msubi mzuri atapaka kigezo nta kidogo kukinenepesha. Nyuma yake achonge mwaka iliposubiwa, mahali pasipoonekana, ili atakayelishika kasha baada yako asidanganyike.

Kitasa kisicho na ufunguo kiache wazi kilivyo, na mtu asikichokonoe kwa waya. Tazama usoni mwake. Chubb walipata hataza yao 1818, Bramah 1784, na majina yao yakiwepo yamepigwa muhuri. Taji na herufi VR ni za zama za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, lakini vitasa vyenye muhuri huo vilikuwa vingi, usivimbe kichwa. Fundi wa funguo akikichongea ufunguo, apake unga wa penseli, si mafuta.

Sasa kikopo. Rivolva za wakati ule zilifyatuliwa kwa fataki, vikofia vidogo vya shaba vyenye zebaki iliyotiwa nguvu ya kulipuka, na ziliuzwa kwenye vikopo vya bati kama hicho. Zikizeeka haziwi salama. Pia mna uwezekano wa vidonge vya risasi, nazo huota unga mweupe kutokana na mvuke wa asidi wa mbao, hasa mwaloni. Lugha yetu imeita madini na kitu kinachotoka mtutuni kwa jina moja, risasi, na unga ule ni sumu kwa vyovyote utakavyoita. Usikitikise, usikitie joto, usikifungue kwa kisu. Kasha tupu ni samani tu, lakini bastola au baruti ikitokea popote nyumbani mwa babu, hilo ni jambo la kuwaeleza polisi. Usiibebe kwenye matatu kuipeleka kituoni. Piga simu kituoni, waeleze ulichokiona na kilipo, waje wao.

Ukishazifungua bawaba, nipigie picha ncha ya skrubu moja karibu na sarafu ya shilingi kumi.